Kaunsili imekupiga faini? Maswali ninayoulizwa kila wiki (England)

Niseme mapema, mimi sio wakili. Ni mtu tu ambaye watu wananiletea barua za kaunsili, yani serikali ya mtaa, niwasomee. Ilianza na mama mmoja mtu mzima, jirani yangu, alikuwa anazitia zote kwenye droo bila kufungua, nikamfungulia tukakaa nazo Jumapili nzima, baada ya hapo sijui alimwambia nani maana sa hivi simu yangu imejaa picha za bahasha za kahawia. Maswali yenyewe ni yale yale kwahiyo nimeyaandika hapa. Ni ya England tu, Wales na Scotland na Ireland Kaskazini wana sheria zao kwenye mengi ya haya.

Nimepewa karatasi ya faini, nilipe leo leo yaishe?

Kabla hujaangalia pesa, soma kichwa cha karatasi. Watu wote macho yanakimbilia kwenye kiasi, wakati kichwa ndo kinakwambia uko kwenye shida gani.

Ikiandikwa Fixed Penalty Notice hiyo inahusu kosa la jinai, mambo ya kutupa taka, kinyesi cha mbwa, kuchora ukuta na kadhalika. Lakini sio hukumu, hakuna aliyekuhukumu. Ofisa anachokwambia ni kwamba yeye anaamini umefanya kosa, na ukilipa ndani ya muda waliokupa, kwa kawaida siku 14, hawatakupeleka mahakamani. Ni ofa, unaweza kuikubali au kuikataa, na kila upande una bei yake.

Ikiandikwa Penalty Charge Notice hiyo ni ya madai, sio jinai, mara nyingi pakingi au lane ya basi. Hii ina njia kamili ya kupinga na ina baraza huru la rufaa. Ukiacha kuitumia njia hiyo umejinyima mwenyewe.

Alafu kuna ya tatu inayojifananisha, Parking Charge Notice. Neno moja tu limebadilika. Hiyo inatoka kampuni binafsi ya pakingi ya supamaketi au hospitali, kaunsili haihusiki kabisa, na yenyewe ni kama ankara ya mkataba. Nimeona mtu amelipa kwa hofu akidhani ni serikali. Kwenye ukurasa huu siiongelei tena.

Yule aliyenisimamisha barabarani ana kamera kifuani na buti kubwa, ni polisi?

Uwezekano mkubwa sio. Wengi wao wala hawajaajiriwa na kaunsili yenyewe, ni wafanyakazi wa kampuni iliyopewa tenda. Nguo zao zinafanana na za polisi na sidhani kama ni bahati mbaya. Hana mamlaka ya kukukamata wala kukufunga pingu wala kukupekua mifuko.

Basi naweza kumwambia sikutajii jina nikaondoka zangu?

Hapo ndo watu wanaharibu. Kama ni ofisa aliyeidhinishwa na anataka kukuandikia faini ya kutupa taka, kumnyima jina na anwani ni kosa lingine juu ya lile la kwanza, na kumpa jina la uongo pia ni kosa. Kwahiyo muombe akuoneshe kitambulisho na idhini yake, taja jina lako, usibishane, usisaini maelezo yoyote ambayo hujayaelewa, na usiseme "samahani sikujua" mara kumi maana anaandika na kamera inarekodi. Kubishana utabishana kwa maandishi ukiwa nyumbani umekaa.

Faini ya taka inafika ngapi?

Sheria mama ni ya mwaka 1990, ile ya ulinzi wa mazingira. Kila kaunsili inapanga kiwango chake ndani ya mipaka ya serikali kuu, na mipaka hiyo ilipandishwa Julai 2023: kutupa taka ndogo mwisho pauni 500 (zamani ilikuwa 150), kumwaga taka nyingi mahali pasiporuhusiwa mwisho pauni 1,000, kumpa taka zako mtu asiye na usajili mwisho pauni 600. Huo ndo mwisho, sio kwamba kila mtu anapigwa hivo. Angalia tovuti ya kaunsili yako, kuna zenye punguzo ukilipa mapema.

Na kichungi cha sigara ni taka. Naulizwa sana hilo. Ndiyo, ni taka.

Mbona sioni sehemu ya kukata rufaa kwenye hiyo faini ya taka?

Kwasababu rufaa rasmi haipo. Ndo ubaya wa hizi za jinai, sheria inaona kwamba ukikataa ofa basi kesi inaenda mahakama ya hakimu na huko ndo utajitetea. Ukishinda huna deni. Ukishindwa faini ya mahakama kwa kutupa taka inaweza kufika pauni 2,500 na juu yake gharama. Unaona mtego ulivyo, mtu anajua kabisa hakutupa kitu lakini anapiga hesabu ya mia na hamsini dhidi ya elfu mbili na mia tano analipa huku analia.

Ila kaunsili nyingi zina njia isiyo rasmi, unaandika barua pepe kueleza kwanini wamekosea wanaiangalia upya. Andika mapema kabla siku 14 hazijaisha, omba picha au video ya kamera ya yule ofisa, uliza kosa ni kifungu gani cha sheria. Inafuta kweli wakati mwingine, hasa jambo likianza kunuka. Julai 2017 mashariki mwa London, Tower Hamlets, ofisa waliandika faini ya pauni 150 kwa biashara ya mtoto wa miaka 5 aliyekuwa anauza juisi ya ndimu barabarani kwa watu wanaoenda kwenye tamasha la muziki, kisa hana kibali cha biashara. Kaunsili iliomba radhi ikaifuta. Na Oktoba 2025 ikasikika ya mama mmoja kule Richmond, London, alimwaga kahawa iliyobaki kwenye kikombe ndani ya mtaro wa barabarani kabla ya kupanda basi, pauni 150 hizo. Nayo ikafutwa baada ya kelele. Sasa jiulize wangapi wamepigwa za namna hiyo na hawakuwa na mwandishi wa habari wa kuwapigia kelele.

Kwani kumwaga kahawa ni kosa kweli?

Kile kifungu walichotumia kinahusu kutupa taka kwa njia inayoweza kuchafua ardhi au maji, na mitaro mingi ya barabarani inaenda moja kwa moja mtoni. Kwahiyo sheria ipo. Kuitumia kwa mtu mwenye mabaki ya kahawa kwenye kikombe, hilo ndo tatizo la ukurasa huu mzima.

Nimeweka taka kwenye pipa lisilo lake, wanasema watanipiga faini.

Tulia. Hapa sheria iko upande wako kuliko unavyofikiri. Zamani kukosea mapipa ilikuwa jinai, mtu anafikishwa mahakamani kwa mfuniko. Sheria ya 2015 ya kupunguza masharti iliondoa hiyo, tangu Juni 2015 kosa la pipa la nyumbani ni la madai tu na faini yake ni kati ya pauni 60 na 80. Na hawawezi kuja nayo mkononi. Lazima kwanza wakupe onyo la maandishi linalosema umekosea nini na ufanye nini. Ukiendelea wanakutumia taarifa kwamba wana nia ya kukutoza, na una siku 28 za kujieleza. Wakikataa maelezo ndo inakuja taarifa ya mwisho, na hapo unaweza kukata rufaa kwenye baraza la ngazi ya kwanza (First-tier Tribunal).

Alafu haitoshi kwamba umekosea, inatakiwa kosa lako lilete kero au liharibu mandhari ya mtaa, au lielekee huko. Maelekezo ya serikali yamesema wazi kabisa kwamba mfuniko uliobaki wazi sio sababu ya kumtoza mtu. Kwahiyo ukipata barua, hesabu hatua. Onyo lilikuja? Lini? Lilitaja muda? Mimi nimeona barua ya kaunsili moja iliyoruka onyo ikaanzia katikati, tukaandika mistari minne ikiuliza onyo liko wapi, hatukusikia tena neno.

Sasa mbona mimi nimepigwa mia nne kwa boksi moja tu la katoni?

Boksi lilikuwa ndani ya pipa au pembeni yake? Pembeni, si ndiyo. Kila mtu anasema "lilikuwa limejaa nikaliweka pembeni". Ukiliweka chini wanaacha kuliita kosa la pipa wanaliita kumwaga taka, ambalo ni jinai, halihitaji onyo na mwisho wake ni ile elfu moja. Wanafungua mfuko au boksi, wanatafuta lebo ya posta yenye jina lako, barua inakuja. Kwa wanaokaa flati zenye mapipa ya pamoja hii ndo balaa kuu, maana pipa likijaa mapema utafanyaje, urudi na takataka ghorofa ya tano? Ndiyo, kisheria urudi nazo. Piga picha pipa lililojaa, ripoti kwa kaunsili onlaini siku hiyo hiyo upate namba ya ripoti, hiyo namba itakusaidia kuliko kulalamika baadaye. Na chana lebo kwenye maboksi, sio kwa ajili ya kukwepa, ni kwasababu mtu mwingine anaweza kulitoa boksi lako ndani ya pipa ili aweke lake.

Nilimlipa jamaa mwenye van akachukua sofa langu, akalitupa porini, kosa ni langu?

Sehemu yako ipo. Anayeishi kwenye nyumba ana wajibu wa kuhakikisha anayempa taka amesajiliwa, orodha iko wazi kwenye tovuti ya Environment Agency, wakala wa mazingira wa serikali, unaangalia bure. Chukua jina, namba ya gari, risiti. Bei ikiwa rahisi mno ujue sofa linaenda kichakani.

Nimekuta tiketi ya pakingi kwenye kioo cha gari. Nianzie wapi?

Hapa kaa vizuri, ndo sehemu ambayo watu wanaweza kushinda na hawajaribu.

Anza na picha. Kabla hujaondoa gari piga picha ya alama, mistari, kibao, mashine, tairi zako ziko wapi, na saa. Kibao kikiwa kimefunikwa na matawi ya mti au mistari imefutika, hiyo ndo kesi yako.

Alafu dakika 10. Tangu Aprili 2015 ukiwa umepaki kihalali kwenye sehemu ya kaunsili, ya kulipia au ya bure yenye muda maalum, unapewa dakika 10 baada ya muda kuisha kabla hawajaruhusiwa kukuandikia. Mistari miwili ya njano haina dakika 10, naomba tusilaumiane.

Kiasi: nje ya London kawaida ni pauni 70 kwa makosa makubwa na 50 kwa madogo, London ni zaidi na toka Aprili 2025 inaweza kufika 160. Ukilipa ndani ya siku 14 ni nusu. Sasa hofu ya watu ni kwamba wakipinga watapoteza ile nusu. Ukiandika pingamizi lisilo rasmi ndani ya hizo siku 14 na wakalikataa, maelekezo ya serikali yanawataka wafikirie kukupa tena nafasi ya kulipa nusu, na kaunsili nyingi zinafanya hivo. Kwahiyo mara nyingi kupinga mapema hakukugharimu kitu zaidi ya muda wa kuandika.

Wakikataa na hujalipa wanamtumia mwenye gari barua ya Notice to Owner. Sasa una siku 28 za kupeleka pingamizi rasmi, na wao wana siku 56 za kujibu, wakizipitisha bila kujibu inahesabika wamekubali na deni limekufa. Wakikataa unaenda kwenye baraza huru, nje ya London ni Traffic Penalty Tribunal, London ni London Tribunals. Bure, unafanya onlaini au kwa simu, na anayeamua hajaajiriwa na kaunsili. Ila kwenye hatua hii ile nusu imeshaondoka, kwahiyo nenda kama una ushahidi, usiende kwa hasira tu.

Kitu cha kutofanya ni kunyamaza. Ukinyamaza inaongezeka asilimia 50, alafu deni linasajiliwa mahakamani Northampton, alafu mabeilifu, yani wakusanya madeni wanaokuja mpaka mlangoni. Kama barua hazikukufikia kweli, labda ulihama na cheti cha gari bado kina anwani ya zamani, ipo fomu ya TE9 ya kutoa maelezo ya ushahidi, na TE7 kama umechelewa. Usidanganye humo, unasaini mbele ya mahakama kwamba ni kweli. Na badilisha anwani kwenye gari, watu tunahama kama ndege alafu tunashangaa.

Tunataka kwenda nyumbani wiki mbili kabla shule hazijafunga maana tiketi za ndege ni rahisi. Watatupiga?

Kuna uwezekano mkubwa. Toka Agosti 2024 England nzima ina kipimo kimoja: mtoto akikosa vipindi 10 bila ruhusa ndani ya wiki 10 za shule, yani siku tano maana siku moja ni vipindi viwili, shule lazima ifikirie suala la faini. Faini ni pauni 80 ukilipa ndani ya siku 21, au 160 ukilipa kufikia siku 28. Sikiliza vizuri: ni kwa kila mzazi na kwa kila mtoto. Baba na mama na watoto wawili ni faini nne, pauni 320 hata mkilipa mapema. Ya pili kwa mtoto huyo huyo ndani ya miaka mitatu ni 160 bila punguzo, na ya tatu hawaandiki tena faini, wanaweza kwenda mahakamani moja kwa moja, na huko inaweza kufika pauni 2,500.

Watu wananiambia "lakini mtoto wangu mahudhurio yake ni asilimia 95". Hoja hiyo ilishafika mwisho wa barabara. Baba mmoja wa Isle of Wight alimpeleka binti yake Florida siku saba za shule mwaka 2015, akapigwa pauni 60, akagoma ikawa 120, akagoma tena, akashinda kwa hakimu, akashinda Mahakama Kuu, mwisho Mahakama ya Juu Aprili 2017 ikasema kuhudhuria mara kwa mara maana yake ni kuhudhuria kwa kufuata kanuni za shule, basi. Siku moja bila ruhusa inatosha kuwa kosa.

Msiba je? Mwalimu mkuu ana uwezo wa kutoa ruhusa kwa sababu za kipekee na msiba wa karibu wengi wanaruhusu, ila omba kabla, kwa maandishi, taja tarehe ya kuondoka na kurudi. Dada mmoja aliondoka usiku kumzika mama yake akatuma taarifa siku ya nne. Tulihangaika na ile faini miezi, iliondolewa lakini nywele zilimtoka.

Na usiseme mtoto anaumwa wakati mko uwanja wa ndege. Mtoto atawasimulia wenzake darasani, watoto hawana siri.

Ule ubao bustanini unaosema marufuku pombe, marufuku mbwa bila kamba, marufuku kukaa vikundi, ni sheria kweli?

Inawezekana ni amri inayoitwa PSPO, ilitokana na sheria ya 2014. Kaunsili inachora eneo kwenye ramani, inataja vitendo inavyovikataza, na ukivunja ni faini ya papo hapo au mahakamani mpaka pauni 1,000. Inadumu mpaka miaka mitatu alafu lazima waitazame upya. Kinachonikera ni kwamba kitendo chenyewe kinaweza kuwa halali kabisa mita mia mbili kutoka hapo. Kaunsili ya Hackney, London, mwaka 2015 waliweka amri ambayo ingewapiga faini watu wanaolala nje, mtu hana hata pa kulala unamdai pauni 100, watu zaidi ya 80,000 wakasaini malalamiko na kaunsili ikarudi nyuma.

Kuipinga amri yenyewe unatakiwa kwenda Mahakama Kuu ndani ya wiki sita toka itangazwe. Wiki sita! Wakati wewe umeiona ubaoni mwaka wa pili. Cha kufanya ni kujibu wakati wanakusanya maoni kabla ya kuipitisha, na ukiwa umeshapigwa, angalia kama amri bado ina muda na kama pale uliposimama pako kweli ndani ya ramani.

Ni kweli kaunsili inaweza kunipeleleza?

Iliwahi kufanya na ikaumbuka. Mwaka 2008 kaunsili ya Poole iliwafuatilia mama na watoto wake karibu wiki tatu, wanaandika gari limetoka saa ngapi limerudi saa ngapi, kwa kutumia sheria ya upelelezi ya mwaka 2000, eti kuhakikisha kama kweli wanaishi kwenye eneo la shule waliyoomba. Walikuwa wanaishi hapo. Baraza la malalamiko ya upelelezi likasema mwaka 2010 kwamba ule ufuatiliaji haukuwa halali. Toka Novemba 2012 kaunsili ikitaka kumfuatilia mtu kwa siri namna hiyo lazima ipate kibali cha hakimu, na kwa ujumla kosa liwe zito la kuweza kumfunga mtu miezi sita au zaidi, isipokuwa mambo kama kuuzia watoto pombe au sigara. Kinyesi cha mbwa hakimo.

Nimechelewa kodi ya kaunsili mwezi mmoja wanadai mwaka mzima, wamechanganyikiwa?

Hapana, ndivyo sheria ilivyo na mimi naona ni ya kikatili kuliko hizi nyingine zote. Ukikosa mwezi unapata ukumbusho wenye siku 7. Usipolipa unapoteza haki ya kulipa kidogo kidogo, salio lote la mwaka linadaiwa kwa pamoja. Yani aliyeshindwa pauni 150 sasa anadaiwa 1,400. Baada ya hapo ni wito wa mahakama, amri ya deni pamoja na gharama zake, alafu mabeilifu, ambao kanuni za 2014 ziliwapa pauni 75 kwa kupokea faili tu na 235 wakianza safari ya mlangoni kwako.

Piga simu siku ile ile unapojua hutaweza, kabla ya ukumbusho. Omba kugawanyiwa kwa miezi 12 badala ya 10. Unaishi peke yako mtu mzima mmoja? Punguzo la asilimia 25, na siamini ni wangapi hawalidai. Kipato kidogo, kuna msaada wa kupunguziwa kodi. Madeni yamekuzidi, mshauri wa madeni anaweza kukuombea siku 60 za kupumua ambazo wadai wengi wanasimamishwa, mpango huo upo toka Mei 2021.

Beilifu akija kwa deni hili, mara ya kwanza hawezi kuingia kwa nguvu. Saa zake ni 12 asubuhi mpaka 3 usiku. Ongea naye dirishani, funga mlango, na gari usiliache nje.

Naweza kufungwa kwa kodi hiyo?

England sheria inaruhusu mpaka miezi mitatu, ila mahakama lazima ichunguze kwanza kama umekataa kwa makusudi au kwa uzembe, umaskini peke yake sio sababu. Wales waliifuta adhabu hiyo Aprili 2019. Kabla haijafutwa mama mmoja wa Porthcawl, kule kule Wales, alihukumiwa siku 81 mwaka 2016, akakaa 40 ndani, na Januari 2017 Mahakama Kuu ikasema kifungo hakikuwa halali, hakimu hakuchunguza uwezo wake ipasavyo. Siku 40 hakuna anayezirudisha.

Faini hizi zitaniharibia uraia?

Ukiilipa Fixed Penalty kwa wakati sio hukumu ya jinai, kwa kawaida haihesabiki dhidi yako, ingawa ukiwa nazo nyingi kwa muda mfupi wanaweza kuiangalia tabia yako. Ya pakingi ya kaunsili ni madai. Shida inakuja ukinyamaza ikafika kwa hakimu ukahukumiwa, hapo lazima uitaje kwenye fomu. Kama una ombi mezani na una kesi ya namna hii, ongea na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, sio mimi.

Kwani wanafanya hivi kwa usafi au kwa pesa?

Vyote, na inategemea umeuliza nani. Ukweli ni kwamba kaunsili zilikatwa ruzuku vibaya toka 2010, na ukweli mwingine ni kwamba zipo zilizowapa kazi ya kuandika faini za taka kampuni ambazo malipo yake yanatokana na tiketi zilizoandikwa. Mtu anayelipwa kwa tiketi hatakupa onyo, ataenda kusimama nje ya stesheni anasubiri kichungi cha sigara, hataenda uchochoroni ambako kuna magodoro yametupwa, huko hakuna wa kumuandikia. Maelekezo ya serikali yanasema faini zisiwe chanzo cha mapato. Kwenye pakingi sheria ya 1984 inasema pesa inayobaki iende kwenye mambo ya barabara na usafiri, na mwaka 2013 wakazi wa Barnet waliishinda kaunsili yao Mahakama Kuu kwasababu ilipandisha ada za vibali vya kupaki ili kupata mapato ya ziada.

Unaweza kuuliza kaunsili yako mwenyewe. Sheria ya uhuru wa habari inakuruhusu kuandika barua pepe, bila kueleza sababu, kwamba mwaka jana mmeandika faini ngapi, mmefuta ngapi, mkandarasi analipwa vipi, na wana siku 20 za kazi kujibu.

Nimelalamika kwao wamenijibu kama roboti. Kuna mkubwa wao?

Maliza kwanza hatua zao zote za malalamiko, alafu nenda kwa Ombudsman wa serikali za mitaa, ni bure, ndani ya miezi 12 toka ulipolijua tatizo. Yeye anaangalia kama kaunsili imefuata taratibu zake, sio kama faini ni kali. Na kama jambo lina baraza lake la rufaa, kama pakingi, atakurudisha huko. Diwani wako pia, mwandikie, wengine wanasaidia hasa uchaguzi ukikaribia.

Nimeshalipa alafu ndo nasoma hapa kwamba walikuwa wamekosea. Narudishiwa?

Tiketi ya pakingi ukishailipa kesi imefungwa, huwezi kupinga tena. Za taka na mapipa unaweza kuwaandikia kueleza kosa lao na kuomba warudishe, hawalazimiki ila nimeona wamerudisha mara mbili. Yule mama jirani mwenye droo ni mmojawapo, pauni 80 za pipa ambalo hata halikuwa lake. Hundi ilikuja kwenye bahasha ya kahawia na ilikaa wiki tatu kwenye droo kabla hajaniita.